Binti Niliyemnunulia Gitaa

Jumamosi, 2 Machi

Mvua ya kwanza. Imenyesha asubuhi nzima bila radi, mvua ya kistaarabu.

Gitaa limegoma. Nilikaza nyuzi zote sita, nikapiga wimbo mmoja, mbili zikalegea. Nikakaza tena, zikalegea tena. Uzi mnene unanguruma kila nikiubonyeza karibu na kichwa, na katikati ya shingo nyuzi zimepaa juu mno hadi vidole vinauma kama vimebanwa na mlango. Ni gitaa la umeme la kuanzia. Lilikuja katika boksi moja na spika yake ndogo, mkanda, na kijitabu cha picha. Silaumu. Lilitengenezwa kwa ajili ya mtu atakayeliacha baada ya miezi mitatu, na mimi nimelipiga mwaka mmoja na miezi minne.

Nililinunua wiki ya sita baada ya mama kufariki. Miaka tisa nilimuuguza, na nyumba ilikuwa na sauti zake: kikohozi, redio, "Nani huyo?" kila mlango ukilia. Kisha ukaingia ukimya ambao sikujua nifanye nao nini. Wengine hufuga paka.

Nimeamua kutafuta gitaa la daraja la pili. Silitaki la wanamuziki wakubwa, hilo siliwezi. La mtu aliyekwisha kuamua kwamba anaendelea.

Jumapili, 3 Machi

Kaka kapiga simu.

"Upo?"

"Nipo."

"Mvua imefika huko?"

"Imefika."

Nikamwambia nataka kubadili gitaa. Akacheka, si kwa ubaya. "Bado tu unacho hicho kidude? Dada, umri wetu mtu anatafuta kiti cha kuegemea." Tukahamia kwenye paa lake linalovuja. Dakika sita zikaisha.

Jumanne, 5 Machi

Kazini: taya nne za bandia za juu, moja ya chini. Daktari huchukua alama ya fizi za mgonjwa mbele kule, mimi chumba cha nyuma namwaga plasta, napanga meno, nasugua, nang'arisha. Mgonjwa haniulizii, wala mimi simuoni. Nikipiga hesabu, watu zaidi ya elfu mbili wanatafuna kwa kazi ya mikono yangu, na hakuna hata mmoja wa kunisalimu njiani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefanya jambo la kijinga, na afadhali niliandike kabla sijaanza kulipamba.

Duka la vyombo vya muziki liko nyuma ya jengo la benki, ngazi tatu kushuka chini. Mwenye duka ni mtu wa miaka hamsini na kitu, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, na nilipoingia alikuwa anaitafuta mezani. Humu nitamwita Miwani. Magitaa yananing'inia ukutani kama nguo za duka la sherehe. Nilisimama mbele ya Miwani kwa woga, nimeshika mwavuli unaochuruzika.

"Karibu mama," akasema. "Mtoto ana umri gani?"

Ningeweza kusema ni la kwangu. Maneno matatu tu. Lakini pembeni walikuwepo vijana wawili wanajaribu kinanda, wakageuka, na mimi nikajiona kama wanavyoniona: mama wa miaka arobaini na saba, viatu vya mvua, mkoba wa kazini. Mdomo ukatangulia.

"Kumi na sita," nikasema. "Binti."

Uso wa Miwani ukafunguka. "Binti! Safi sana. Analo la kuanzia?"

"Analo. Halishiki sauti. Nyuzi zinalegea."

"Hayo ndiyo magonjwa yake." Akashusha matatu. Jekundu, zito kama mtoto aliyelala, lenye sauti nene ya joto. La buluu, jembamba, sauti kali na safi, lenye mkono wa chuma wa kutikisa nyuzi. Na la kahawia, limeshatumika, halina urembo wowote. Akanieleza vizuri, bila kunikimbiza. Usitazame rangi, akasema. Tazama kama shingo imenyooka, vifungo vya kukazia nyuzi vinashika, na sumaku zilizo chini ya nyuzi zinanasa sauti bila kuvuma. Fedha ya ziada mtu anailipia mambo hayo matatu, mengine ni vanishi.

Nilitamani kuyashika yote. Lakini mama aliyekuja kumnunulia bintiye angeyashikaje? Niliyatazama tu kama ng'ombe wa mnadani.

"Mlete mwenyewe ajaribu," Miwani akasema. "Gitaa ni kama kiatu, mama. Humnunulii mtu kwa kukisia."

Nikasema nitamleta. Nikapanda ngazi, mvua ikanipokea.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Taya mbili.

Jumamosi, 16 Machi

Nimerudi dukani. Nilijiambia nakwenda kusema ukweli. Nikasema ana mitihani.

"Mitihani isimuue," Miwani akasema. "Anapenda muziki gani?"

Nikamweleza ninaoupenda mimi: wa polepole, magitaa mawili yanajibizana, hakuna mtu anayepiga kelele. Akashangaa. "Miaka kumi na sita, na anapenda hayo? Huyo mzee huyo." Nikacheka, na ndani yangu nikaona fahari, fahari kabisa, juu ya mtoto ambaye hayupo.

Jekundu limetoka kwenye orodha. Nilipitisha kidole ukingoni mwa shingo, pale inapoishia milia ya chuma, nikaona inakwaruza.

"Hili halikusuguliwa vizuri," nikamwambia.

Akalipokea, akapitisha chake, hakusikia kitu. Akapitisha tena taratibu. "Mama, unafanya kazi gani wewe?"

"Natengeneza meno ya bandia. Kikibaki kijino cha plastiki kidogo kuliko chembe ya mchanga, mtu halali."

Hilo angalau lilikuwa kweli. Akanitazama kwa heshima, na sikumbuki mara ya mwisho kutazamwa hivyo.

Jumatano, 20 Machi

Unyevu umeingia mpaka kwenye mkate. Gitaa langu limelegea lote. Nimelipiga hivyohivyo, hedifoni masikioni, jirani wa chini asisumbuke. Mtu akichungulia dirishani ataona mwanamke anakuna ubao kimya kimya.

Jumamosi, 23 Machi

Duka lilikuwa tupu. Miwani akanipa kiti, akasema mvua imefukuza wateja, bora tuongee.

Alikuwa na binti yeye pia. Ana binti, akajisahihisha. Alimfundisha gitaa tangu ana miaka saba, na alipofika kumi na nane alikuwa anampita baba. Siku moja alikosea mbele ya wateja, Miwani akamfokea. "Si kwamba alikosea sana. Nilitaka wajue kwamba mimi ndiye mwalimu." Binti akaliweka gitaa chini, akahamia kwa mama yake mji mwingine. Ni miaka miwili sasa. Akipiga simu hapokei.

"Wewe wako mnaelewana?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Badala yake nikasema, "Tunaelewana. Tukikorofishana namwandikia. Barua ya mkono. Simu inamlazimisha mtu ajibu papo hapo, barua inamngoja."

Sijui niliitoa wapi. Labda ndivyo ningependa mtu anifanyie mimi.

Miwani akaitikia kwa kichwa taratibu. "Barua," akasema.

Alhamisi, 28 Machi

Dada wa mapokezi kaniuliza mbona siku hizi natabasamu peke yangu. Nikamwambia ni plasta mpya, haina vumbi.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nafikiria kama binti angependa la buluu. Ana vidole virefu. Ananijibu vibaya asubuhi akiwa na usingizi, kisha anakuja jikoni kuomba radhi bila kusema samahani, anakausha tu vyombo. Haya siyatungi kwa ajili ya Miwani tena. Nayatunga nikiwa kituoni nasubiri basi.

Jumamosi, 6 Aprili

Ameandika. Barua ya kurasa nne. Aliitupa mara tatu, akaituma ya nne.

"Nimemweleza kosa ni langu," akasema. "Sikumwomba arudi. Ulivyosema, mama, barua inangoja."

Sikusema hivyo kwa ajili ya kutumiwa. Nikaona joto masikioni. Akaniambia la buluu amelishusha ukutani, amelihifadhi ndani, asije akalichukua mwingine kabla binti hajamaliza mitihani. Kisha akanipa habari nyingine: kuna kikundi kidogo hukutana chumba cha nyuma cha duka kila Jumamosi saa tisa, mwalimu mstaafu na seremala mmoja. Mpiga gitaa wao kahamishwa kikazi. "Watu wazima, wapole. Binti yako angefaa sana. Muziki wao ni huohuo wa kwake."

Wa kwangu.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua siku tano mfululizo. Kaka hakupiga wiki hii. Nilimpigia mimi, akasema yuko kikaoni, atanirudia.

Jumamosi, 13 Aprili

Sikuingia dukani. Nilifika kwenye ngazi nikasikia wanapiga ndani, besi na ngoma tu, katikati pana pengo. Nilijua kabisa nini kingejaza pale. Nikasimama chini ya mwavuli mpaka wimbo ukaisha, nikarudi nyumbani.

Jumamosi, 20 Aprili

Miwani hajajibiwa. Amekonda, au labda ndevu.

"Wiki mbili, mama. Wako huchukua muda gani?"

"Inategemea," nikasema.

"Lakini mwisho hujibu?"

"Mwisho hujibu."

Akashika maneno yale kama mgonjwa anavyoshika mkono wa kiti. Uongo ulipokuwa wa kwangu peke yangu ulinipa joto. Sasa kuna mtu mwingine ameuegemea, na mimi ndiye ninayejua kwamba nyuma yake hakuna ukuta.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimemwambia.

Niliwahi kabla ya wateja, mvua inapiga vizuri. Alikuwa anafuta magitaa vumbi. Akaniona, akaanza, "Mama, leo ndiyo leo, mitihani si imekwisha?" Nikasema, "Sina binti."

Akadhani amekufa. Nililiona hilo usoni mwake, akaacha kitambaa, akanyoosha mkono kunishika bega, na hapo ikawa ngumu mara mbili.

"Hakufa," nikasema. "Hakuwepo. Sijazaa. Gitaa ni la kwangu. Siku ile uliniuliza mtoto ana umri gani, nikaona aibu, nikakujibu. Kisha nikaendelea kukujibu."

Mkono ukarudi. Akakaa. Mimi sikukaa, sikustahili kiti.

"Na ile ya barua?"

"Niliitunga."

"Uliitunga." Akaishusha miwani machoni, mara ya kwanza namwona ameivaa, akanitazama kama anasoma maandishi madogo. "Vidole vyako nimeviona tangu wiki ya pili. Vina sugu. Mkono wa kushoto, vidole vinne. Unajua nilifikiri nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Nilifikiri mnapiga wote wawili. Jioni, mama na binti, nyumbani. Nikawaonea wivu. Nilikuwa nafunga duka nawawaza nyinyi."

Nikasema naomba unisamehe. Akasema, "Mimi nilikufungulia mambo ya ndani ya nyumba yangu. Nilikueleza nilivyomfokea mwanangu, jambo ambalo hata ndugu zangu sijawaambia. Nilidhani naongea na mzazi mwenzangu." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Nenda, tafadhali. Nina kazi."

Nilisahau mwavuli. Sikurudi kuuchukua.

Jumapili, 28 Aprili

Nimelala mchana kutwa. Maji yamekwisha kumwagika.

Jumanne, 30 Aprili

Taya tatu. Moja nimeipanga meno ya mbele yakaenda upande. Daktari akaja nyuma, jambo ambalo hulifanya mara mbili kwa mwaka, akauliza kama naumwa. Nikasema hapana. Akasimama kidogo, akasema, "Tangu mama afariki hujachukua likizo." Nilidhani hajui hata kama mama alifariki. Kumbe alijua, tena alihesabu.

Ijumaa, 3 Mei

Nimekwenda kuona gitaa la mtu binafsi. Mhasibu mmoja, tangazo alilibandika kwenye duka la dawa. Sebuleni kwake, mkewe anakunja nguo kwenye kochi.

"La nani?" mhasibu akauliza.

"La kwangu."

Hakuna paa lililoanguka. Akanipa, akaunganisha spika, nikapiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikaharibu mwanzo, nikarudia. Mke akaacha shati hewani. "Kumbe mama unapiga kweli," akasema.

Gitaa zuri, bei nafuu, ila nilipoliinua na kulichungulia kwa jicho moja kutoka kichwani, shingo ilikuwa imejipinda kama mti uliokua upande wa upepo. Mvua hizi. Nikamshukuru, nikaliacha. Yote hayo niliyajua kwa sababu Miwani alinifundisha.

Jumamosi, 11 Mei

Manyunyu tu leo.

Nilikwenda kwa sababu kila gitaa nililotazama wiki hii nilitaka kumuuliza yeye. Nilishuka ngazi zile, nikasalimia. Akaitikia, hakusema karibu.

"Nimekuja kujaribu," nikasema. "Mimi mwenyewe."

Nilidhani atanifukuza. Akaingia ndani, akatoka na la buluu, akaliegesha kwenye kiti. Kisha akashusha la kahawia pia. Akawasha spika, akaenda kusimama dirishani, mgongo kwangu.

Nikaanza na la buluu. Lina sauti kama maji baridi, na shingo yake ni nyembamba, imetengenezwa kwa vidole virefu vya mtu mwingine. Nililipiga kwa dakika kumi. Nilikuwa nalipenda kwa niaba ya yule binti. Mkono wangu ni mpana, kidole gumba kilikuwa kinatafuta pa kukaa. Nikachukua la kahawia. Shingo ikajaa kiganja. Milia haikwaruzi, ilishasuguliwa na mikono ya mwenyewe wa kwanza. Nikapiga ule wimbo wa polepole wote, nikakosea mara mbili, sikusimama. Nikangoja robo saa, nikapima nyuzi tena. Hakuna hata moja iliyohama.

"Hili," nikasema.

"La buluu ndilo zuri zaidi," akasema bila kugeuka.

"Najua. Hili ndilo langu."

Akaja, akalipokea, akalilaza mezani. Akashusha nyuzi karibu na shingo kwa bisibisi ndogo, akapima, akashusha tena. Bei ni mshahara wangu wa wiki tatu, hakupunguza na sikuomba.

Akiwa ameinama hivyo akauliza, "Ulimpa jina?"

"Hapana."

"Mbona?"

"Ningempa jina nisingeweza kumwacha."

Bisibisi ikasimama. Kisha ikaendelea. Baadaye akasema, "Amejibu. Juzi. Ujumbe wa simu. 'Barua nimeipata.' Basi. Hakuna kingine."

Sikujua kama nina haki ya kufurahi. Nikasema, "Ameipata."

"Ameipata," akasema. "Dada, sijakusamehe."

"Najua."

Lakini alisema dada. Miezi yote alikuwa ananiita mama.

Nilipofika mlangoni nimebeba boksi nikamuuliza wale wa Jumamosi wamepata mtu.

"Hawajapata."

"Wanamtaka wa umri gani?"

Kidogo acheke. Alijizuia, nilimwona. "Anayewahi," akasema.

Jumanne, 14 Mei

Gitaa lina sauti ambayo sikujua vidole vyangu vinayo. Nimepiga bila hedifoni, saa kumi na moja jioni, madirisha wazi. Jirani wa chini hakulalamika.

Hata hivyo leo nimelia. Nilikuwa nakausha vyombo, nikatambua nimetenga vikombe viwili. Nimemkumbuka. Si mama, mama namkumbuka kila siku na nimezoea. Nimemkumbuka yule mwingine, mwenye vidole virefu. Nani atanipa pole? Hakuna msiba wa mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Nimekirudisha kikombe kabatini, nikakaa, nikapiga tena mpaka giza likaingia.

Ijumaa, 17 Mei

Jua. Nimeanika kila kitu.

Jumamosi, 18 Mei

Nilifika saa nane na nusu. Miwani alikuwa na mteja, akaninyooshea kidole kuelekea chumba cha nyuma.

Ni chumba cha maboksi. Mwalimu mstaafu wa hesabu anapiga besi akiwa ameketi, magoti yanamsumbua. Seremala yuko kwenye ngoma, mikono kama mbao zake. Wakanisalimu, wakanionyesha soketi. Hakuna aliyeuliza natoka wapi wala nimeolewa na nani. Mwalimu akasema, "Tunaanza taratibu. Mimi nahesabu, wewe ingia ukiwa tayari."

Akahesabu. Wakaanza. Nilikuwa nimezoea kupiga peke yangu, ambapo wimbo unakufuata wewe, ukisimama unasimama. Hawa walikuwa wanakwenda. Niliingia nimechelewa, nikakimbia kuwafikia, nikawapita, nikasikia nimepotea kabisa, vidole vikatoka kwenye nyuzi. Nikawaambia samahani, endeleeni tu, nitasikiliza.

Hawakuendelea. Seremala aliweka fimbo zake juu ya paja. Mwalimu akanyamazisha besi kwa kiganja. Dukani kule mteja alikuwa anauliza bei ya kitu, Miwani anajibu.

"Hatuna haraka, dada," mwalimu akasema. "Tafuta pako."

Nikainamisha kichwa, nikaanza kutafuta. Walikaa pale, wote wawili, wakanisubiri.